Mtoto si Mkalimani wa Zamu: mhadhara baada ya kutazama filamu ya CODA

Ndugu zangu wanafunzi, walimu wenu, na wageni wote mliobaki baada ya filamu, jioni njema. Filamu mmeiona muda huu huu, kwa hiyo sitaisimulia. Niwakumbushe tu kwamba CODA ni kifupisho cha Kiingereza cha mtoto wa wazazi viziwi, na mtoto huyo ni Ruby, ndiye pekee anayesikia nyumbani kwao na ndiye anayewatafsiria wazazi na kaka yake. Wengi mmelia. Mmelia pale baba alipomshika binti yake shingoni ili ausikie wimbo kwa vidole, na mkalia tena pale Ruby alipoimba huku mikono yake ikizungumza lugha ya alama, ili wazazi na kaka yake waliokaa kule juu wamwelewe. Sina ugomvi na machozi hayo. Ila kuna mahali mlicheka, tena mlicheka sana, na hapo ndipo ninapotaka tukae.

Ni chumba cha daktari. Frank, mvuvi wa Gloucester katika jimbo la Massachusetts, anawashwa sehemu za siri. Mkewe Jackie yuko naye. Wote wawili ni viziwi. Kati yao na daktari amekaa msichana wa miaka 17, na baba yake anamweleza kwa alama zisizoficha kitu namna anavyowashwa, naye ayatamke yote kwa mdomo wake mbele ya mtu mzima mwingine. Daktari anasema ni fangasi, na anawaagiza wasikutane kimwili kwa wiki mbili. Ruby anawageukia wazazi wake na kuwaambia kwamba basi, hamtakutana tena maisha yenu yote. Wazazi wanashtuka. Ndipo anawasahihishia: wiki mbili.

Nawaomba, ninyi mnaokwenda kuwa matabibu na wauguzi, muirudie ile sekunde kabla hajasahihisha. Katika sekunde ile agizo la daktari lilikuwa limekwisha kubadilika, na daktari hakujua. Aliamini kwamba alichokisema ndicho kilichofika, na hakuwa na njia yoyote ya kuhakikisha. Ruby ni mtoto mwema, alikuwa akiwatania wazazi wake, akarekebisha. Je, kama asingerekebisha? Huyu ni mtoto aliyeamka usiku wa manane kwenda baharini, akatoka huko akaenda shule, anasinzia darasani. Kama siku hiyo angechanganya idadi ya vidonge? Na kama neno lenyewe lingekuwa zito kiasi kwamba hawezi kumwambia mama yake?

Hili la mwisho nimelikuta mimi mwenyewe katika kazi yangu ya ukalimani. Mama kiziwi alikuwa anahudhuria kliniki na binti yake mwenye umri wa shule ya msingi. Majibu yalikuwa mabaya, yakapitia kwa mtoto. Mtoto akamwambia mama yake kwamba daktari anasema upumzike, usibebe vitu vizito. Basi. Mama akapumzika. Nilipoitwa, miezi ilikuwa imepita, na mama alikuwa anamwuliza daktari kwa nini kupumzika hakumsaidii. Daktari anapekua faili, anasema nilimweleza huyu kila kitu. Na kweli alieleza. Yule mtoto alikuwa amesimama mlangoni, na tangu siku ya kwanza ndiye mtu pekee katika familia ile aliyejua mama ana nini. Alikaa na siri ya ugonjwa wa mama yake peke yake, akipika, akifua, akienda shule. Msimlaumu. Nani kati yenu, katika umri ule, angemtazama mama yake usoni akamwambia jambo lile?

Kwa hiyo mnapocheka katika chumba cha daktari wa Gloucester, mjue mnacheka na tatizo langu la miaka yote.

Sasa mtaniambia kwamba daktari yule alikuwa na bahati ya kumpata Ruby, vinginevyo angefanya nini? Angefanya kile ambacho sheria ya nchi yake inamtaka afanye. Marekani ina Sheria ya Wamarekani Wenye Ulemavu tangu mwaka 1990, na kanuni zake zinasema wazi kwamba mtoa huduma haruhusiwi kumtegemea mtoto mdogo kuwa mkalimani, isipokuwa kwenye dharura yenye hatari ya papo hapo kwa usalama au ustawi wa watu na mkalimani hapatikani. Fangasi za kinena si dharura ya namna hiyo. Viziwi wengi wa Marekani waliiona kasoro hii filamu ilipotoka mwaka 2021, wakauliza wakalimani wako wapi: kwa daktari hawapo, mahakamani hawapo. Filamu ilihitaji Ruby asiwe na mbadala ili tuhisi uzito wake. Naelewa mwandishi anavyofanya kazi. Lakini mtazamaji anatoka ukumbini akidhani kwamba uziwi wa wazazi ndio uliomfunga binti huyu, na daktari aliyekaa kimya hatumkumbuki hata sura.

Mwingine atasema, mwalimu, hiyo ni Marekani. Haya, tuje nyumbani. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, Kenya iliuridhia mwaka 2008 na Tanzania mwaka 2009. Ibara ya 9 inawataja wakalimani wa lugha ya alama wenye taaluma, imewataja hasa. Tanzania tuna Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010. Wenzetu Kenya, Katiba yao ya mwaka huo huo imeifanya lugha ya alama kuwa lugha rasmi ya Bunge pamoja na Kiswahili na Kiingereza. Na ukiwasha televisheni saa mbili usiku unamwona mkalimani pale kwenye kona. Ni jambo jema na tulilipigania. Lakini fikirini: kiziwi anaweza kupata hotuba ya waziri kwa lugha yake, na majibu ya damu yake mwenyewe ayapate kupitia kwa mtoto wa darasa la tano!

Kuna pingamizi la tatu, na hili linaniuma zaidi kwa sababu linatoka kwa watu wema. Linasema kwetu mtoto kumhudumia mzazi ni heshima, ndiko kunakotoka radhi. Nakubali kabisa. Nilimwogesha baba yangu mwenyewe alipougua na sikuwahi kuona mzigo. Lakini radhi gani inayomtaka mtoto asikie habari za unyumba wa wazazi wake? Mila zetu hizo hizo, ambazo mnazitaja, zina mambo ambayo mtoto haambiwi na wazazi wake. Kazi hiyo ni ya shangazi, ya bibi, ya kungwi. Hospitali inaposema mlete mtoto atafsiri, inakiuka mila hiyo hiyo mnayonitajia. Mzazi anavunjiwa heshima mbele ya mwanawe. Wapo mama wanaoamua kutotaja dalili kabisa kwa sababu aliyekaa pembeni ni mtoto wa kiume. Hizo dalili hamtazipata hata mkisoma vitabu vyote.

Na mzazi mwenyewe hufunzwa kutegemea. Mtazameni Leo, yule kaka. Ni kiziwi, ndiye mkubwa, anaijua kazi ya samaki, lakini kila mara dada mdogo ndiye anayetangulizwa kuongea na watu. Hasira yake pale ufukweni watu wengi hudhani ni wivu. Anamwambia dada yake kwamba familia hii ilikuwa salama kabla hajazaliwa, aende zake shule. Mimi naona Leo ndiye mtu aliyesema kweli kuliko wote katika filamu nzima. Ruby anapofanywa daraja la pekee, kaka yake anabaki mtoto na wenyeji wa Gloucester wanabaki bila sababu ya kujifunza hata alama ya kusalimia.

Tena angalieni siku ya boti. Ruby hakwenda baharini, alikwenda kuogelea na rafiki yake. Siku moja tu. Mwangalizi wa uvuvi akatoa taarifa, Walinzi wa Pwani wakaipanda boti kwa sababu Frank na Leo hawakusikia redio wala king'ora, familia ikapata adhabu, na nyumbani lawama zikamwangukia nani? Mtoto. Mpango wowote unaoporomoka mtoto akienda kuogelea haukuwa mpango.

Naona mwenyekiti ananionyesha saa. Nilitaka niongee kwa kirefu juu ya waigizaji, nitasema kwa kifupi. Filamu hii imetokana na filamu ya Kifaransa ya mwaka 2014, ambako wazazi viziwi waliigizwa na watu wanaosikia. Mwongozaji Sian Heder akachukua viziwi halisi: Marlee Matlin, Troy Kotsur, Daniel Durant. Mwaka 2022 ikapata Oscar tatu, ikiwemo ya filamu bora, na Kotsur akawa mwanamume kiziwi wa kwanza kushinda tuzo hiyo kwa uigizaji. Na ile sehemu ya tamasha sauti inapokatwa, mkabaki mnamtazama baba akisoma nyuso za watu, muirudie mkiwa peke yenu. Juu ya watoto wanaouguza wazazi waliopata kiharusi, au wanaopambana na ulevi wa mzazi, nilikuwa na mengi. Niachieni siku nyingine.

Nimalize na zamu yenu. Usiku, wodini, anakuja mama kiziwi na binti wa miaka 11. Mkalimani hayupo. Kwanza, msalimie mama, mtazame yeye, kaa kwenye mwanga ili auone uso wako. Kama ni dharura ya kuokoa maisha, mtumie mtoto kwa yale ya lazima tu: anaumwa wapi, tangu lini, amekunywa dawa gani. Kisha acha. Kama mama anasoma, chukua karatasi. Kama hasomi, chora, onyesha kwa mkono, tumia saa ya ukutani kumwonyesha muda wa dawa, na umwombe akurudishie kwa ishara ulichomweleza. Mkalimani anaweza kupatikana kwa simu ya video. Namba yake iandikwe pale pale ilipo namba ya gari la wagonjwa. Majibu mazito hayampitii mtoto, hata mama mwenyewe akisema haina shida, kwa sababu mama hajui bado utasema nini. Kwenye faili andika kwa kalamu nyekundu: anahitaji mkalimani. Na tarehe ya kurudi ipangwe siku ambayo mkalimani yupo.

Yule binti mpeni kiti nje ya pazia na chai.

Maswali sasa. Dada pale nyuma, naona mkono wako umekuwa juu tangu nilipomtaja Leo.