Bibo lioze au lifundishe? Mhadhara kwa walimu wa sekondari, Mtwara

Ndugu walimu, msimu wa korosho ukifika, kuanzia Tandahimba hadi Nachingwea, korosho huokotwa na mabibo huachwa yaoze chini ya mkorosho. Naomba somo la ubunifu tulianzie hapo, maana tatizo hilo mwanafunzi analijua kwa harufu yake.

Andika kazi ubaoni kwa sentensi moja: bibo lililookotwa leo lifae kuliwa wiki ijayo, bila friji na bila kugeuka pombe. Masharti hayo mawili ndiyo yanayofanya kazi. Ukisema "buni chochote", darasa zima litakuletea juisi. Mchonga vinyago wa Kimakonde huongozwa na mpindo wa gogo la mpingo. Kijana naye anahitaji cha kumbana.

Sampuli usioneshe. Mwaka 1991 watafiti Jansson na Smith walionesha kwamba hata wahandisi wazoefu, wakipewa mchoro wa mfano, huurudia pamoja na kasoro zake.

Kisha ukimya, dakika 6, kila mmoja na daftari lake, mawazo 8. Wengi wetu hukimbilia makundi, na kipindi hufia hapo: anayesema kwanza huwaburuta wenzake. Majaribio yaliyofanywa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, yakachapishwa 1958, yalikuta kwamba watu wanne wakifikiri kila mtu peke yake, mawazo yao yakijumlishwa huwazidi wanne waliokaa pamoja. Mawazo matatu ya mwanzo yatafanana: juisi, jamu, kuanika. Usiyakosoe, wala usimwambie mtu "vizuri sana", maana sifa hiyo huwafunga wengine. Mapya mara nyingi huja baada ya yale ya kawaida kwisha.

Sasa makundi. Darasa la 60 ligawe mara 12, watano watano, kila kundi lichague njia moja. Korosho zitolewe kabla, kwa sababu mafuta ya ganda huunguza ngozi. Na wavae nguo chakavu, doa la bibo halitoki. Kila kundi lipate mabibo 10, na libadili kitu kimoja tu. Wanaoanika, kwa mfano, wakate matano kwa unene wa nusu sentimita na matano kwa sentimita moja na nusu. Kipande kinene hukauka juu, ndani kikabaki na maji, na ukungu ukaingia. Wanaohangaika na ukakasi wajaribu kutia uji mwembamba wa mchele kwenye maji ya bibo: tanini, ile inayoleta ukakasi, hushikana na wanga, ikazama. Hiyo ni kemia, na mtihani wa taifa hauna ugomvi nayo.

Alama ndizo zinazoharibu kazi hii kuliko kitu kingine. Ukisahihisha utamu, hakuna atakayethubutu njia asiyoijua. Katika 20, toa 8 kwa orodha ya mawazo, 8 kwa kumbukumbu za kila siku, 4 kwa maelezo ya sababu. Ambaye bibo lake liliota ukungu siku ya tatu, akaeleza kwa nini, apate zote nne.