Msimvishe Mbwa Kuku Mfu Shingoni

Ndugu zangu wafugaji, asanteni. Mambo ya banda, chakula na chanjo ya mdondo mmeyasikia asubuhi, sitayarudia. Mimi nimekuja na suala la mbwa, na wengi wenu mnajua nitakachosema, maana nimekisema Singida, nimekisema Manyoni, na nitakisema mpaka watu waache: mbwa akiua kuku, usimfunge yule kuku mfu shingoni.

Najua mliyarithi kwa wazee. "Atembee naye mpaka anuke, atamchukia kuku maisha yake yote." Hamchukii! Mbwa huunganisha tendo na malipo yake papo hapo. Alipomkimbiza yule kuku alilipwa papo hapo: mbio, manyoya, damu. Wewe unakuja baadaye na kamba na hasira. Anachojifunza ni kukukimbia wewe. Na harufu ya mzoga inayokutapisha, yeye hujigaragaza ndani yake kwa hiari.

Niliwahi kufika nyumba moja, nikakuta mbwa kavishwa tetea shingoni, kainamisha kichwa. Mwenye nyumba ananionyesha kwa fahari: "Mtazame anavyojuta." Hakuwa anajuta. Kamba ilikuwa imembana hadi ngozi imechubuka na nzi wamejaa kwenye kidonda. Alipofunguliwa, jioni ile ile akadaka kifaranga. Akapigwa mpaka akawa anachechemea, kisha nikaambiwa mbwa huyu ana laana. Laana gani? Hakuna mtu hata mmoja aliyewahi kumwonyesha afanye nini anapomwona kuku. Alichoonyeshwa, tena kwa maumivu, ni kwamba binadamu ni wa kuogopwa.

Sasa tuangalie uuaji unavyoanza. Mbwa hutazama, hunyatia, hukimbiza, hudaka. Hatua moja huamsha hamu ya inayofuata, na kukimbiza kwenyewe ni raha, hata akitoka mtupu. Ukisubiri akimbie ndipo upige kelele, umechelewa. Kazi yako iko kwenye kutazama.

Mfunge kamba ya mita mbili tatu. Kaa naye mbali, mahali anapowaona kuku na bado anakusikia wewe. Jicho likikaza, masikio yakisimama, mwili ukitulia tuli, mwite. Akikugeukia, dagaa mmoja mdomoni saa hiyo hiyo. Akigeuka mwenyewe bila kuitwa, wawili. Asipogeuka, usimvute wala usimpige. Mko karibu mno, rudini nyuma. Dakika kumi asubuhi, kumi jioni, akiwa ameshatembezwa kupunguza nguvu. Mnasogea kidogo kidogo, kwa wiki nyingi. Siku kuku atakapopiga mbawa mbele yake naye akakutazama wewe, mtakuwa mmefika mbali, na bado kamba isitoke mkononi.

Kuna atakayesema dagaa wa kumpa mbwa watoke wapi. Piga hesabu ya tetea mmoja anayetaga, kisha piga ya kopo moja la dagaa. Mwingine ataniambia yeye ni Mwislamu, mbwa hamgusi. Sijakuambia umkumbatie. Surat Al-Maida, aya ya 4, inawataja wanyama wa mawindo waliofundishwa, kwa hiyo kumfundisha mbwa si jambo geni katika dini. Shika kamba, dagaa mtupie chini, mate yake yasikufikie.

Hapa nataka mnisikilize vizuri zaidi. Desturi yetu ni kumfungia mbwa mchana na kumwachia usiku. Kutwa nzima yuko nyuma ya wavu, kuku wanapita, anawatazama, hawafikii. Hamu inalimbikizwa mchana kutwa! Alfajiri mtoto anafungua banda la kuku kabla mbwa hajarudishwa ndani, halafu mnashangaa. Mbwa huyo hajawahi kuishi na kuku, amewahi kuwatamani tu. Mtoe mchana kwa kamba, alale kivulini kuku wakichakura, awazoee mpaka wamchoshe. Na alfajiri mbwa afungwe kwanza, kuku wafunguliwe baadaye.

Aliye na mtoto wa mbwa ana kazi nyepesi zaidi. Kuanzia wiki ya 3 hivi hadi ya 12 au 14, anachokizoea hukihesabu kuwa cha nyumbani. Mlete aone kuku wakubwa watulivu, wewe ukiwepo. Kuku mwenye vifaranga mweke mbali kidogo, kudonoa jicho kwake si kazi.

Kule Warrnambool, Australia, mfugaji mmoja wa kuku alikuwa na mbwa aina ya Maremma wa kumlindia kuku dhidi ya mbweha. Mwaka 2006 mbwa wa aina hiyo wakapelekwa kulinda pengwini wadogo wa kisiwa cha Middle Island, ambao mbweha walikuwa wamewamaliza mpaka wakabaki chini ya kumi. Pengwini wakaongezeka. Mtaniambia hao ni mbwa wa kizungu. Damu ina mchango wake, sikatai, lakini hata Maremma asiyelelewa karibu na anachokilinda, hakuna anayemtegemea. Wa kwetu wa kienyeji, akitulia, kubweka kwake tu kunamfukuza kicheche na nguchiro. Hiyo ndiyo faida tunayoitafuta. Hatakiwi kupigana.

Naona naonyeshwa saa. Haraka basi: matumbo mabichi ya kuku msimtupie mbwa, na kuku aliyekufa kwa ugonjwa achomwe au afukiwe chini sana. Mayai yaokotwe mapema. Usimwache mbwa peke yake na vifaranga, hata awe mpole vipi. Chanjo ya kichaa cha mbwa aanze akiwa na miezi 3, na irudiwe kila mwaka, maana huyu anakaa karibu na watoto wenu. La mbwa mtu mzima ambaye ameshaua mara nyingi nilitaka kulieleza kwa kirefu, muda hautoshi: huyo ni uzio na kamba, msinidai miujiza. Maswali sasa. Tuanze na mama pale nyuma, amenyoosha mkono tangu nilipotaja dagaa.