Tunataka Wabaki kwa Ajili ya Nani?

Wamama, wababa, na ninyi vijana mliojaza viti vya nyuma, asanteni kwa kuja.

Nimeombwa niseme juu ya kuwazuia vijana wasijiue. Sitasimulia nani alijiua wala alitumia nini, maana masimulizi ya namna hiyo yanaweza kumdhuru msikilizaji ambaye tayari amelemewa. Nataka tuulizane jambo moja: tunapomwambia kijana asijiue, tunataka abaki kwa sababu gani?

Sababu zipo nyingi. Shirika la Afya Duniani linahesabu watu zaidi ya 720,000 wanaojiua kila mwaka, na kwa wenye umri wa miaka 15 hadi 29 kujiua ni sababu ya tatu ya vifo. Serikali ikisikia hivyo inafikiria nguvu kazi. Kanisa linafikiria roho. Ukoo unafikiria jina lake, na hapo ndipo Lubumbashi tunaumia sana. Kwenye matanga tunasema ni malaria, tunasema ni presha, tunasema alirogwa, tunazika. Mdogo wa marehemu anasikiliza. Huenda naye ana mawazo yale yale, na sasa amejua kwamba nyumbani kwao hayasemeki.

Halafu kuna sababu ya gharama. Naisikia Katuba, naisikia Kampemba: "Tumekulipia minervali ya shule miaka yote, tumeuza parseli, kiwanja cha babu yako, leo unataka kufa?" Anayesema hivyo ana uchungu wa kweli, simlaumu. Mnaikumbuka 2003, wafanyakazi zaidi ya 10,000 walipotoka Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, kwa kile kilichoitwa kuondoka kwa hiari. Nyumba nyingi mjini humu zilibakiwa na tumaini moja tu, mtoto aliyekuwa masomoni. Mtoto yule leo ni mtu mzima, ana diploma, hana kazi, anakula kwa jasho la mama yake anayeuza makala ya kupikia.

Mwanasaikolojia wa Marekani, Thomas Joiner, alieleza mwaka 2005 kwamba hamu ya kufa hukua pale mambo mawili yanapokutana: mtu kuona hana watu wake, na mtu kujiona mzigo, hata akaamini kwamba wenzake watapumua akiondoka. Sasa yarudieni yale maneno ya parseli. Kijana ameshaipiga hesabu hiyo usiku kucha, nasi asubuhi tunamthibitishia jumla yake.

Daktari mmoja wa San Francisco, Jerome Motto, alianza mwaka 1969 kufuatilia watu waliolazwa kwa huzuni nzito au kwa kutaka kujiua. Kati yao, 843 walitoka hospitali wakakataa matibabu ya kuendelea. Karibu nusu ya hao aliwaandikia barua fupi, mwanzoni kila mwezi, baadaye kwa nafasi ndefu zaidi, hadi miaka mitano. Barua zilisema tu kwamba tunakukumbuka, tunatumaini hujambo, ukipenda kutujibu tutafurahi. Hazikuuliza kama anameza dawa. Katika miaka miwili ya kwanza, walioandikiwa walijiua wachache kuliko wasioandikiwa. Mimi nasadiki kilichowagusa ni kwamba barua zile hazikudai kitu. Mtu alitakiwa awepo, basi.

Najua mtaniuliza kuhusu saa ya hatari yenyewe. Muulizeni wazi: "Unawaza kujiua?" Utafiti umeonyesha kwamba swali hilo halimtii mtu wazo hilo kichwani. Akikubali, msimwache peke yake, dawa na sumu za panya zitoke nyumbani, na apelekwe kituo cha magonjwa ya akili cha Joseph Guislain hapa mjini, au kituo cha afya kilicho jirani. Usiku huo sababu yoyote ya kumshika mkono inatosha, hata aibu, hata parseli.

Ombi langu ni la miezi inayofuata, wageni wakishaacha kuja kumpa pole. Kila jumuiya, kila likelemba ya kuchangiana pesa, ichague mtu mmoja wa kumwandikia kijana aliyetoka hospitali. Ujumbe wa simu unatosha. Asimuulize kazi, asimuulize ndoa, asimtajie minervali. Na kijana asipojibu, aandikiwe tena mwezi ujao.