Mtoto wa Mbwa Anabaki Peke Yake? Namna ya Kumchagulia Mwenzake

Karibuni watazamaji. Video ya leo ni yako wewe unayefunga mlango asubuhi huku ukimsikia mtoto wa mbwa analia ndani, ukaenda zako na roho nzito. Umewaza, ukaona dawa ni kumtafutia mbwa mwingine wa kukaa naye. Wazo hilo linaweza kukufaa sana, ila kila kitu kinategemea mbwa utakayemleta. Mimi nina msimamo kuhusu jambo hili, nitauweka wazi: usitafute mbwa mzuri wa sura, tafuta mbwa anayejua kumkataza mtoto bila kumuumiza.

Hatua ya kwanza, kabla hujaenda kutazama mbwa yeyote, jua wako analilia nini. Chukua simu, iweke mahali pa juu ielekee mlangoni, ianze kurekodi. Toka kama unavyotoka siku zote. Rudi baada ya nusu saa, ukae uitazame. Akilia dakika chache, kisha akatafuta kitu cha kutafuna, akajikunja akalala, huyo anajifunza kukaa peke yake na hana tatizo kubwa. Lakini akilia mfululizo, anahema mdomo wazi na joto hakuna, mate yanamdondoka, anauparura mlango uleule uliotokea, basi huyo anakulilia wewe. Na mbwa anayemlilia mtu wake haponi kwa kuletewa mbwa. Mara nyingi ataendelea vilevile, na mgeni naye anaweza kuambukizwa hofu hiyo.

Ukitaka uhakika zaidi, mwombe rafiki mwenye mbwa mpole aliyechanjwa amlete kwako. Weka kizuizi katikati, waonane na kunusana bila kufikiana, halafu nyinyi wawili mtoke kwa dakika 10 simu ikiwa inarekodi. Kama wako ametulia na kulala karibu na kizuizi, jibu umelipata. Kama amempita mgeni na kwenda kulia mlangoni, usilete mbwa wa pili kwa sasa. Anza kumfundisha kubaki peke yake kidogo kidogo, dakika moja, mbili, tano.

Na hapa nisisitize jambo moja. Mtoto wa miezi 3 anaweza kujizuia mkojo takriban saa 3 mchana, na anahitaji kula mara 3 au 4 kwa siku. Hata umletee mwenzake mwema kiasi gani, mbwa hamfungulii mbwa mlango wala hampakulii chakula. Kama unatoka kutwa nzima, lazima awepo mtu wa kupita katikati ya mchana. Panga hilo kwanza.

Hatua ya pili ni umri. Wengi hukimbilia kuchukua watoto wawili wa tumbo moja, wakiamini watalelewa pamoja na kufarijiana. Sishauri hata kidogo. Watoto wawili wa rika moja hushikamana wao kwa wao, wakaacha kukusikiliza wewe. Siku ukimpeleka mmoja kwa daktari, mwingine anapiga kelele kana kwamba amekatwa mguu. Kazi ya kuwafundisha kujisaidia nje haigawanyiki, inaongezeka. Chukua mbwa mzima, wa miaka 2 hadi 5 au 6 hivi. Akifika miaka 2 tabia yake imeshatulia, unachokiona ndicho utakachoishi nacho. Mzee sana naye tumwonee huruma: viungo vinamuuma, hawezi kurukiwa mgongoni siku nzima.

Hatua ya tatu, ukubwa na jinsia, tupite haraka. Mbwa mkubwa mwenye moyo mwema anaweza kumvunja mtoto mdogo mguu kwa kumkanyaga tu wakati wa mchezo, kwa hiyo ukubwa wa miili yao usitofautiane kupita kiasi, hasa kama wako ni wa aina isiyokua sana. Dume na jike kwa kawaida hupatana kwa urahisi zaidi kuliko wa jinsia moja. Ila jike anaweza kupata joto, yaani kuwa tayari kupandwa, akiwa na miezi 6 tu, na mimba ya mbwa ni siku 63 hivi, basi zungumza na daktari wa mifugo kuhusu kuwahasi mapema.

Sasa hatua ya nne, tabia. Hapa usiwe na haraka.

Nenda ukamwone mbwa huyo anapoishi, iwe kwa mwenyewe au kwenye kituo cha kuhifadhi mbwa. Swali la kwanza siyo kama anapenda watoto. Uliza: akiachwa peke yake anafanyaje? Huyu unamchukua awe mtulivu wa nyumba wakati haupo. Kama naye akiachwa anabweka na kutafuna milango, umejiletea wawili wenye hofu, na kila mmoja atamtia mwenzake hofu zaidi. Omba uonyeshwe: tokeni wote chumbani, msimame nje msikilize. Kisha uliza anakuwaje mbwa mwingine akisogelea bakuli lake, na kama amewahi kuishi na mtoto wa mbwa.

Baada ya hapo wakutanishe, kwa kufuata hatua ya tano na ya sita nitakazozieleza mbele, utazame. Mtoto wako atafanya kile watoto wote wa mbwa hufanya. Atamrukia mkubwa usoni, atamlamba mdomo, atamng'ata sikio kwa yale meno ya utoto membamba kama sindano. Mtazame mkubwa. Kwanza anageuza uso pembeni. Mtoto anaendelea. Anainuka, anasogea hatua mbili, analala tena. Mtoto anamfuata, anadaka sikio lilelile. Sasa mkubwa anainua mdomo kidogo, anatoa mngurumo mmoja mfupi. Mtoto anaruka nyuma, anakaa. Na mkubwa je? Anaunyoosha mwili, anamnusa mtoto kichwani, ameshasahau. Ukiona hivyo, umempata. Amekataza kwa ngazi, amekoma mtoto alipokoma, na hakuweka kinyongo. Usimkaripie kwa mngurumo ule. Mbwa anayeadhibiwa kwa kunguruma anaweza kujifunza kung'ata bila kutoa onyo.

Anayewadanganya watu wengi ni yule asiyefanya lolote. Mtoto anampanda, anamng'ata, naye amesimama tu, mtu anasema, "Jamani, huyu ana subira!" Mwangalie vizuri. Mwili umekakamaa, mdomo umefungwa kabisa, weupe wa jicho unaonekana pembeni, hapepesi macho. Ameganda, anavumilia kwa shida, na siku uvumilivu ukimwishia wewe utakuwa kazini. Mwingine wa kumwacha ni yule anayeendelea kumkimbiza na kumbana mtoto hata baada ya mtoto kulia.

Mchezo mwema una dalili zake. Mkubwa anainamisha viwiko chini na kuacha makalio juu, mwili umelegea, mdomo wazi. Anajilaza chali ili mtoto naye apate nafasi ya kuwa juu. Wanasimama kidogo, wanajikung'uta, wanaanza tena. Ukiwa na shaka, mshike mkubwa kwa upole uone: mtoto akiachiwa anarudi kwake au anakimbilia miguuni kwako? Jibu analo mtoto.

Hatua ya tano, afya. Chanjo za mtoto huanza akiwa na wiki 6 hadi 8 na kurudiwa kila baada ya wiki 2 hadi 4, mpaka afike wiki 16 au zaidi kidogo. Kabla hajamaliza, parvo, ugonjwa wa kirusi unaoshambulia utumbo wa mbwa, inaweza kumuua kwa siku chache tu, na kirusi chake hudumu ardhini kwa miezi mingi, tena hubebwa na soli za viatu. Kwa hiyo mgeni awe na kadi yake ya chanjo, ikiwemo ya kichaa cha mbwa, awe amepewa dawa ya minyoo na kukaguliwa kupe na viroboto. Kama ametoka kwenye kituo au historia yake haijulikani, mpitishe kwa daktari, kisha mtenge wiki 2 hivi, vyombo vyake mbali, mikono mnawe. Kutapika na kuhara damu kwa mtoto siyo jambo la kusubiri kesho.

Hatua ya sita, kuwaleta pamoja. Msikutane ndani kwako moja kwa moja. Tafuta uwanja ambao siyo wa mmoja wao, na kwa sababu ya parvo uwe ni wa mtu ambaye mbwa wake wote wamechanjwa, siyo mahali wanapopita mbwa wasiojulikana. Mwe watu wawili, kila mmoja na mbwa wake kwenye kamba iliyolegea. Tembeeni upande mmoja, mkiachana mita chache, mpaka wote wawili waanze kunusa majani na kuacha kukodoleana macho. Ndipo msogee. Wanusane sekunde 3, uwaite waachane, warudiane. Kamba isikazwe, maana ikivutwa shingoni mbwa huona kuna hatari. Nyumbani nako umeshaondoa mabakuli, mifupa na vitu vyote vya kuchezea sakafuni.

Kabla hujamchukua moja kwa moja, patana na mwenye mbwa au kituo kwamba kuna muda wa majaribio, na kwamba wakishindwana anapokelewa. Wanaompenda mbwa wao hawakatai.

Hatua ya mwisho ni kuwaacha, na wengi huikimbilia. Wiki za mwanzo, ukitoka, kila mmoja awe upande wake wa kizuizi, wakionana. Wapewe chakula mbali mbali. Mkubwa awe na mahali pake ambapo mtoto hafiki, apumzike akichoka naye. Kila siku mtoe mtoto peke yake na wewe, hata kwa robo saa, aendelee kukujua na kukusikiliza. Anza kutoka kwa dakika 5, uongeze polepole, na simu iendelee kurekodi. Wakilala, hata kama ni kila mmoja kona yake, ongeza muda. Ukiona mkubwa anazungukazunguka chumba, anahema, au mtoto anamsumbua na yeye hana pa kwenda, rudi kwenye muda waliokuwa wametulia, ukae hapo siku kadhaa kabla ya kuongeza tena. Kizuizi ukiondoe siku utakapokuwa umewaona wakipumzika pamoja mara nyingi ukiwa nyumbani, na kwa mara ya kwanza utoke hadi hapo nje ya mlango tu.