Jifunze Kurudi Kabla Hujagusa Faili la Skrini

ZUHURA: Karibuni tena kipindini. Mimi ni Zuhura, na niko na Baraka. Leo tunazungumzia mafaili yanayoamua skrini ionyeshe nini kwenye Linux, na namna ya kuyahariri bila kujifungia nje ya kompyuta yako mwenyewe.

BARAKA: Mada hii nimeisubiri sana, dada Zuhura. Hapa ndipo wageni wengi wa Linux wanapokata tamaa. Mtu kabadilisha mstari mmoja, kawasha upya kompyuta, skrini nyeusi tii. Anajua mashine imekufa. Anasakinisha mfumo upya, picha na kazi zake zote zinapotea. Kumbe kilichoharibika ni faili moja tu la maandishi.

ZUHURA: Faili ambalo lingesogezwa pembeni kwa amri moja! Ndiyo maana nataka leo tuanzie mwisho. Kabla hujafungua faili lolote, jifunze kurudi ukiwa huna madirisha. Na ujifunze leo, kompyuta ikiwa nzima. Bonyeza Ctrl, Alt na F3 kwa pamoja.

BARAKA: Kwenye baadhi ya kompyuta za mkononi unaongeza na kitufe cha Fn. Madirisha yote yanatoweka, inabaki skrini nyeusi yenye maandishi, inakuuliza jina lako.

ZUHURA: Hiyo ndiyo konsoli. Mfumo wa madirisha ukianguka, mara nyingi konsoli bado iko hai, kwa sababu haiutegemei. Andika jina lako la kuingilia, bonyeza Enter, kisha nenosiri. Hapo nenosiri halionyeshi hata nyota. Usishtuke, linaingia. Ukishaingia, andika `ls` uone mafaili yako yote yapo salama, kisha `exit`. Kurudi kwenye madirisha ni Ctrl, Alt na F1 au F2. Distro nyingine, yaani aina nyingine za Linux, hutumia F7.

BARAKA: Na kama nenosiri linakataa wakati una uhakika nalo, angalia mpangilio wa kibodi. Konsoli inaweza kuwa na mpangilio tofauti na ule wa madirisha, alama fulani zikahama vitufe. Jaribu kuiandika alama hiyo kwenye sehemu ya jina kwanza, maana pale inaonekana.

ZUHURA: Vizuri sana. Ukishaweza kuingia na kutoka konsoli bila kusoma karatasi, umemaliza nusu ya kazi. Sasa twende kwenye faili lenyewe. Ila kwanza, Baraka, faili lipi?

BARAKA: Hapo pana mtego. Maelekezo mengi yanakwambia uhariri `/etc/X11/xorg.conf`. Unaenda, faili halipo. Mgeni anaona mfumo wake una kasoro.

ZUHURA: Hauna kasoro yoyote. X11, mfumo wa zamani wa madirisha, ni ya mwaka 1987, na kwa miaka mingi ilibidi uiandikie kila kitu: kadi ya picha, skrini, hata kipanya. Siku hizi seva ya X, yaani programu kuu ya X11, hugundua vifaa yenyewe, kwa hiyo kompyuta nyingi hazina `xorg.conf` na zinafanya kazi vizuri. Nalisema hili kwa msisitizo: kama skrini yako iko sawa bila faili hilo, usiliunde. Liunde pale tu unapokuwa na tatizo unaloweza kulitaja kwa jina.

BARAKA: Halafu kuna Wayland, mfumo mpya zaidi wa madirisha, iliyoanzishwa na Kristian Høgsberg mwaka 2008. Distro ya Fedora iliifanya chaguo la kwanza kwenye toleo la 25, mwaka 2016. Ukiwa kwenye Wayland, unaweza kuihariri `xorg.conf` mpaka kesho na hakuna kitakachobadilika, kwa sababu haisomwi kabisa.

ZUHURA: Kwa hiyo uliza kwanza. Fungua terminali, andika `echo $XDG_SESSION_TYPE`. Itakujibu `x11` au `wayland`. Ikisema `wayland`, basi mipangilio yako inashikwa na mazingira ya madirisha. GNOME huiweka kwenye `~/.config/monitors.xml`. KDE Plasma 6 huiweka kwenye `~/.config/kwinoutputconfig.json`. Hayo ni mafaili yako binafsi, hayahitaji `sudo`, yaani ruhusa za msimamizi, na kuyarejesha ni rahisi mno: ingia konsoli, lisogeze faili pembeni, ingia upya. Mazingira yataunda jipya.

BARAKA: Na mara nyingi huna haja ya kuyafungua. Ukibadilisha kwenye dirisha la mipangilio ya skrini, GNOME hukuuliza kama ubaki na mabadiliko. Usipojibu, baada ya muda mfupi inarudisha ya zamani yenyewe. Tumia kinga hiyo. Kama huoni kitu, ondoa mkono kwenye kibodi, subiri.

ZUHURA: Kinga hiyo unaweza kujitengenezea hata kwenye terminali ya X11. Amri ya `xrandr` hubadilisha skrini kwa muda tu, haiandiki faili lolote. Ukitoka na kuingia upya, imesahaulika. Basi unaandika hivi, yote kwenye mstari mmoja:

`xrandr --output HDMI-1 --mode 1280x720; sleep 15; xrandr --output HDMI-1 --auto`

BARAKA: Yaani jaribu ukubwa huu, subiri sekunde 15, kisha rudi kwenye ukubwa unaoifaa skrini. Ukipenda unachokiona, unabonyeza Ctrl na C kabla ya muda kwisha.

ZUHURA: Na angalia kwamba nimetumia nukta mkato, sikutumia `&&`. Kwa nukta mkato, amri ya kurudi inatekelezwa hata kama ya kwanza imegoma. Kwa `&&`, ya kwanza ikigoma, mnyororo unakatika hapo hapo, na kurudi hakupo. Jina `HDMI-1` nalo usilinakili kwangu. Andika `xrandr` peke yake kwanza, ikuonyeshe majina ya kompyuta yako.

BARAKA: Sasa tuseme mtu anahitaji kweli faili la X11. Kadi ya picha inatambuliwa vibaya, amesoma, ameelewa anachotaka kubadilisha. Anaanzaje?

ZUHURA: Nakala kwanza. `sudo cp -a /etc/X11/xorg.conf /etc/X11/xorg.conf.asili`. Hiyo `-a` inabeba mwenye faili, ruhusa zake na tarehe yake. Halafu `ls -l` kwenye folda hiyo, uone kwa macho yako kwamba mafaili ni mawili na ukubwa ni ule ule. Usiamini kwamba amri imefanya kazi kwa sababu tu haikulalamika.

BARAKA: Na kama faili halikuwepo?

ZUHURA: Basi asili yako ni kutokuwepo, na kurejesha maana yake ni kuliondoa ulilounda. Liandike hilo mahali, kwenye karatasi kabisa. Mtu akipaniki anatafuta nakala ambayo haijawahi kuwepo.

BARAKA: Kuna jambo la nakala ambalo watu hawaambiwi, nalo ni folda ya `xorg.conf.d`. Tangu seva ya X toleo la 1.8, mwaka 2010, unaweza kuweka vipande vidogo vidogo humo badala ya faili moja kubwa.

ZUHURA: Nami ndiyo njia ninayoipendekeza. Kipande kimoja, kazi moja. Ila seva inasoma kila faili humo linaloishia na `.conf`. Sasa mgeni mwangalifu anatengeneza nakala, anaiita `20-kadi-nakala.conf`, anaiacha kwenye folda ile ile. Seva inayasoma yote mawili! Anahariri moja, la pili bado linaongea, na matokeo hayaeleweki.

BARAKA: Kwa hiyo nakala iishie na kitu kingine.

ZUHURA: `.asili`, `.bak`, chochote kisichokuwa `.conf`. Ukizoea hilo linakusaidia pia kuzima kipande bila kukifuta: badilisha mwisho wa jina tu, seva inakipita. Na weka vipande vyako kwenye `/etc/X11/xorg.conf.d`. Iko folda nyingine ya jina hilo chini ya `/usr/share/X11`. Hiyo ni ya distro, ukihariri humo, sasisho linalofuata linaweza kufuta kazi yako.

BARAKA: Tuje kwenye kuhariri kwenyewe. Nimeona watu wanaandika `sudo` kisha jina la kihariri cha madirisha.

ZUHURA: Hapo naomba tusimame kidogo. Programu ya madirisha ikiendeshwa hivyo inaweza kuacha mafaili kwenye folda yako ya nyumbani yakiwa mali ya msimamizi. Faili la `.Xauthority` likichukuliwa namna hiyo, kwenye X11 unaweka nenosiri sahihi, skrini inawaka mara moja, inakurudisha pale pale kwenye kuingia. Unaweka tena, inakurudisha tena. Mtu anahangaika na kadi ya picha kutwa nzima, na kadi haina kosa lolote.

BARAKA: Dawa yake?

ZUHURA: Konsoli. `ls -l ~/.Xauthority`. Ukiona neno `root`, yaani msimamizi, pale palipostahili jina lako, andika `sudo chown $USER: ~/.Xauthority`. Imekwisha. Na ili usifike huko, tumia `sudoedit`. Inakufungulia nakala ya muda kwa ruhusa zako za kawaida, ukimaliza na kuhifadhi ndipo inaandika faili halisi. Ikikufungulia kihariri cha nano, Ctrl na O kuhifadhi, Ctrl na X kutoka.

BARAKA: Ndani ya faili, makosa ya kawaida ni yapi?

ZUHURA: Kila `Section` iwe na `EndSection` yake, na alama za nukuu ziwe zile zilizonyooka. Ukinakili kutoka ukurasa uliopambwa, unaweza kupata nukuu zilizopinda. Kwa macho hazina tofauti kubwa, lakini seva haizikubali. Kingine ni `BusID`, yaani anwani ya kadi ya picha. Amri ya `lspci` inakupa anwani ya kadi kwa hesabu ya msingi wa 16, lakini faili linaitaka kwa hesabu ya kawaida. Ukiona `0a:00.0`, unaandika `"PCI:10:0:0"`. Kwa anwani ndogo kama `01:00.0` tofauti haionekani, ndiyo maana wengi hawaijui hadi siku inapowauma.

BARAKA: Haya, kahariri, kawasha upya, nyeusi. Tuipitie taratibu.

ZUHURA: Ctrl, Alt, F3. Jina, nenosiri. Kisha: `sudo mv /etc/X11/xorg.conf /etc/X11/xorg.conf.mbovu`. Nimelisogeza tu, sijalifuta, kwa sababu ndilo ushahidi wangu. Kama palikuwa na la asili, `sudo cp -a /etc/X11/xorg.conf.asili /etc/X11/xorg.conf`. Halafu `sudo systemctl restart display-manager`. Skrini ya kuingia inarudi.

BARAKA: Tahadhari: amri hiyo ya mwisho inaua madirisha yote yaliyo wazi. Hapa haijalishi, lakini usiizoee ukiwa na kazi ambayo hujaihifadhi. Na kama hata konsoli haifunguki?

ZUHURA: Zima, washa, ushike Shift, au ubonyeze Esc kwenye mashine za UEFI, mpaka menyu ya GRUB, ile ya kuchagua mfumo wa kuwasha, itokee. Bonyeza `e`, tafuta mstari unaoanza na neno `linux`, nenda mwisho wake, acha nafasi, uongeze `systemd.unit=multi-user.target`. Ctrl na X. Inawaka bila madirisha, unaingia moja kwa moja kwenye maandishi. Ukiona bado giza, ongeza na `nomodeset`. Ulichoandika pale ni cha mara hiyo moja tu, hakihifadhiwi, kwa hiyo huna cha kuogopa.

BARAKA: Na hata hapo pakishindikana, kuna fleshi ya kusakinishia Linux. Unawasha nayo bila kusakinisha, unaiunganisha diski yako kwenye `/mnt`, unalisogeza faili lile lile, ila njia yake sasa inaanza na `/mnt/etc`. Mafaili yako yote yako pale, hujapoteza kitu.

ZUHURA: Umesema jambo kubwa. Kusakinisha upya kwa sababu ya faili la skrini ni hasara ambayo mtu hakustahili, na inaniuma kila ninaposikia imetokea.

BARAKA: Ukishasimama tena, unajuaje ulikosea wapi?

ZUHURA: Logi, yaani kumbukumbu ambazo seva huandika. Iko `/var/log/Xorg.0.log`, au `~/.local/share/xorg/` kama seva inaendeshwa kwa ruhusa zako. Seva inapowaka upya, logi ya mara iliyopita inabadilishwa jina na kuishia na `.old`. Kwa hiyo ile ya anguko ni `Xorg.0.log.old`, ukisoma nyingine utaona kila kitu ni kizuri na uchanganyikiwe. Andika `grep '(EE)'` na jina la faili hilo. Mstari wa kwanza utakaotoka huwa ni maelezo ya alama zenyewe, uruke. Yanayofuata ndiyo makosa. Ikiwa umesahau `EndSection`, huwa inakutajia hadi namba ya mstari.

BARAKA: Lakini ukiwasha upya mara mbili, `.old` nayo inaandikwa juu.

ZUHURA: Ndiyo, kwa hiyo nakili logi kwenye folda yako ya nyumbani mapema, ukiwa bado konsoli, kabla hujaiwasha seva upya; hapo ile ya anguko bado inaitwa `Xorg.0.log`.

BARAKA: Swali langu la mwisho. Lile faili la `.mbovu`, nilifute lini?

ZUHURA: Usilifute siku hiyo. Andika `diff -u` kisha la asili na la mbovu. Mistari yenye alama ya kutoa ni ya zamani, yenye kujumlisha ni uliyoongeza. Ukikuta uliongeza mistari mitano, irudishe mmoja mmoja, kila mmoja na jaribio lake, mpaka umpate mkorofi. Ukishampata na skrini ikawaka vizuri hata baada ya kuzima kabisa na kuwasha, `.mbovu` unaweza kuifuta. `.asili` iache hapo hapo. Ni mistari michache tu, haili nafasi.

BARAKA: Asante, dada. Wasikilizaji, Ctrl, Alt, F3, mjaribu leo. Tukutane kipindi kijacho.