Tunapanga jarida la kuchapwa, mimi na mpiga picha

Karibuni tena, ndugu watazamaji. Leo tunapanga jarida la kurasa 16, saizi ya A4, la kubanwa kwa pini katikati. Tunalipanga wawili: mimi wa kurasa, na mwenzangu mpiga picha aliyekaa hapa kushoto. Mkono wake mtauona ukiingia na kutoka. Kompyuta bado imefungwa, na ibaki hivyo kwa sasa.

Chukua karatasi nne za A4, zipange pamoja, zikunje katikati, piga pini. Tayari una kijitabu cha kurasa 16, nusu ya ukubwa wa jarida lenyewe. Andika namba za kurasa kwa penseli, halafu mpe mpiga picha akishike. Napenda sana hatua hii. Mtu akishafungua kurasa kwa mkono wake, anaanza kusema "hapa picha ijae yote", "hapa papumue kidogo", na hayo ndiyo mazungumzo unayoyataka kabla hamjaanza kubishana kuhusu fonti.

Sasa toa pini. Ndiyo, itoe. Tazama karatasi ya nje: ukurasa wa 1 uko pamoja na wa 16. Inayofuata, wa 3 na wa 14. Jumlisha namba za kila upande, utapata 17 kila mara. Lakini nendeni nami katikati: ukurasa wa 8 na wa 9 ndizo pekee zinazotazamana zikiwa zimechapwa upande mmoja wa karatasi moja. Ya 4 na ya 5 zinatazamana pia, ila ya 4 imetoka karatasi moja na ya 5 imetoka nyingine, zikakutanishwa wakati wa kukunja. Zikipishana hata milimita moja, upeo wa bahari kwenye picha yako unavunjika kama ngazi. Kwa hiyo picha pana yenye mstari mnyoofu, ipeleke 8 na 9.

Na hapo tumefika kwenye mkunjo. Tusimame hapa.

Hii picha ya fundi cherehani ni nzuri mno, na mwenzangu amemweka fundi katikati kabisa. Naiweka kwenye kurasa mbili, nakunja... ngoja, taa inamulika karatasi, hamwoni kitu. Naisogeza. Haya, sasa tazameni: pua imezama ndani, macho mawili yamesogeleana. Huyu siye yule fundi tena. Uso wa mtu usikae kwenye mkunjo. Wala mkono unaoshika sindano usikae pale, wala neno la kichwa cha habari. Kama jarida lako litabanwa kwa gundi badala ya pini, ongeza tahadhari, kwa sababu kurasa za gundi hazilali wazi kabisa na sehemu ya ndani hupotea zaidi.

Dawa yake usiitafute peke yako kwa kukatakata picha. Muulize aliyepiga. Nimemuuliza, naye katoa nyingine ya dakika ileile: fundi kasogea kulia, kushoto kumebaki kitambaa kinachoning'inia. Nakunja tena. Mkunjo umepita kwenye kitambaa, uso mzima uko salama. Picha hiyo isingekuwa kwenye meza kama angeniletea zile tano anazozipenda tu. Mwombeni alete na zile za pembeni.

Kuchagua: tumezichapa zote ndogondogo, saizi ya kadi, tumezitandaza mezani. Zipangeni mkiwa mmesimama. Angalieni macho ya watu yanaelekea wapi. Mtu wa ukurasa wa kushoto anayetazama kushoto anamtoa msomaji nje ya jarida. Halafu kishawishi kinakuja: tuigeuze picha, atazame ndani. Usigeuze. Vifungo vya shati vinahamia upande mwingine, maandishi ya ukutani yanasomeka kinyume, na mwenye uso wake atajua mara moja. Badilisheni kurasa.

Mwenzangu anang'ang'ania ile ya mvua. Anasema aliisubiri sana. Naielewa, na ni picha nzuri, lakini inasema kilekile kinachosemwa na iliyo mbele yake. Tumekubaliana ibaki moja, ile moja ipewe ukurasa mzima. Mimi ningependa picha moja kubwa na nafasi nyeupe kuliko nne zilizobanana, siku yoyote.

Jalada, haraka: mwambie mapema, kabla hajaenda kupiga, kwamba unataka picha ya wima yenye nafasi tulivu juu ya kichwa. Jina la jarida linakaa pale.

Sasa fungua kompyuta. Ukurasa wa A4 ni milimita 210 kwa 297. Picha inayofika ukingoni izidi milimita 3 kila upande utakaokatwa, la sivyo kisu kikiyumba kidogo unabaki na uzi mweupe. Kwa pikseli 300 kwa inchi, ukurasa mmoja pamoja na ziada hiyo unahitaji takriban pikseli 2551 kwa 3579. Kurasa mbili zinataka upana wa kama 5030. Kamera ya pikseli 6000 kwa 4000 inatosha, mradi faili lije zima. Picha iliyotumwa kwenye WhatsApp kama picha ya kawaida imeshapunguzwa. Pokea kwa folda ya mtandaoni au diski.

Rangi ndipo nataka mkae naye bega kwa bega. Skrini inatoa mwanga, karatasi haitoi. Karatasi isiyong'aa inakunywa wino, nukta za wino zinatanuka, vivuli vinafunga. Kwenye ngozi nyeusi utaona shavu lote limekuwa doa moja. Tazameni hapa, chini ya taya: kwenye skrini kuna mng'ao mdogo na ndevu zinahesabika, kwenye karatasi pamekuwa giza tupu. Mwenzangu anainua vivuli vya uso, taratibu, bila kugusa nyeusi ya nguo. Anaiacha ngozi kuwa nyeusi vilevile. Anachorudisha ni umbo la shavu. Kazi hii aifanye yeye, alimwona mtu yule mchana. Mwombeni mchapaji wasifu wa rangi wa karatasi yake, yaani faili linaloiambia kompyuta rangi zitatokaje kwenye karatasi hiyo, kabla ya kugeuza picha kwenda CMYK, rangi nne za wino wa uchapaji: samawati, majenta, njano na nyeusi. Na maandishi madogo yawe ya wino mweusi peke yake, msichanganye rangi nne.

Toa PDF yenye ziada ya kukata. Hilo mnalijua.

Jina la mpiga picha liandikwe wapi, picha zitatumika wapi tena, nani anaruhusiwa kuzikata: yaandikeni na msaini, hata kama ni rafiki yako.

Mwisho, nakala ya majaribio, ichapwe kwenye karatasi ileile mtakayotumia. Ipelekeni dirishani, mchana. Tunafungua 8 na 9... fundi yuko mzima. Tunafungua 12 na 13, na hapa, mmeona? Kidole kimeingia kwenye mkunjo. Narudi kwenye kompyuta kuisogeza picha milimita saba kulia, mwenzangu aitazame tena, ndipo asaini na mashine iwashwe.