Asiyeshindwa Akawa wa Tatu: Fainali ya Kwanza ya Dunia ya Spidiwei, 1936

Ndugu zangu waandishi wa habari za michezo, nimeombwa nizungumzie namna ya kuripoti mashindano yaliyozua utata. Ningeweza kuchukua mechi ya Simba na Yanga, lakini najua tungefika dakika ya tano tu ukumbi ukawaka moto, na mhadhara ukageuka kijiwe. Kwa hiyo nimechagua mchezo ambao humu ndani hauna mashabiki: spidiwei, mbio za pikipiki kwenye uwanja wa mviringo. Hapo angalau tutaanza wote tukiwa hatuna upande.

Kwa asiyeujua mchezo, fikiria bodaboda iliyong'olewa breki zote, ya mbele na ya nyuma, ikabakiziwa gia moja, halafu ikafungwa injini ya cc 500 inayotumia methanoli badala ya petroli. Wanapanda watu wanne, wanajipanga mbele ya utepe, utepe unaruka juu, wanazunguka mara nne kuelekea kushoto. Basi. Mambo yanaisha kwa dakika moja na kitu. Kwa kuwa hakuna breki, kona inakatwa kwa kuliachia gurudumu la nyuma liteleze kando, gurudumu la mbele likiwa limeelekezwa kulia ilhali pikipiki yenyewe inakwenda kushoto, na mguu wa kushoto unaburuzwa chini ndani ya kiatu chenye soli ya chuma. Wa kwanza anapata alama 3, wa pili 2, wa tatu 1, wa mwisho anakula vumbi tu.

Mchezo huu ulishamiri Australia miaka ya 1920, ukaingia Uingereza mwaka 1928, na kwa muda mfupi sana ukawa unajaza viwanja kuliko ambavyo wakubwa wa michezo walitarajia. Ilipofika 1936 wenyewe wakaona sasa watangaze bingwa wa dunia. Fainali ikapangwa Wembley, Septemba 10, ndani ya uwanja uleule mnaoujua kwa soka, njia ya mbio ikizunguka majani. Watu 74,000 wakaja. Rudieni hiyo namba vichwani mwenu: elfu sabini na nne, kutazama pikipiki, usiku wa Alhamisi.

Mfumo wa fainali yenyewe ulikuwa mzuri, na mimi huwa nausifu. Washiriki 16, michuano 20, kila mmoja anapanda mara tano, na zimepangwa kiasi kwamba mpaka usiku uishe kila mtu ameshakutana na kila mtu mara moja. Hakuna wa kusema alipewa kundi gumu. Alama ya juu kabisa anayoweza kuipata mtu ni 15, yaani tano mara tatu.

Usiku ule mtu mmoja alipata 15. Jina lake Arthur Wilkinson, Mwaustralia, mwendeshaji wa West Ham ya London, aliyeitwa na wote Bluey. Alipanda mara tano, akashinda mara tano. Hakuna mtu hata mmoja duniani aliyemtangulia usiku ule.

Wilkinson akamaliza wa tatu.

Naona mmeanza kuangaliana. Waandaaji walikuwa wameweka kitu walichokiita alama za bonasi. Kabla ya fainali kulikuwa na mchujo uliozunguka viwanja vya ligi kwa wiki kadhaa, na kila aliyefuzu aliingia Wembley na akiba yake kutoka huko. Eric Langton, Mwingereza wa Belle Vue ya Manchester, aliingia na 13. Lionel van Praag, Mwaustralia mwingine, mtu wa Wembley wenyewe, aliingia na 12. Wilkinson alikuwa na 10. Usiku wa fainali Langton akapata 13, jumla 26. Van Praag akapata 14, jumla 26. Wilkinson 15, jumla 25.

Sasa tuikague hesabu hii kama tunavyopaswa kukagua matokeo yoyote tunayoletewa mezani. Ukiondoa bonasi, mpangilio ni Wilkinson, Van Praag, Langton. Ukizitazama bonasi peke yake, ni Langton, Van Praag, Wilkinson. Ni orodha ileile imepinduliwa miguu juu. Tusimame hapohapo kidogo. Van Praag alipata 14, maana yake alipoteza alama moja tu usiku mzima. Aliipoteza wapi? Kila mtu alikutana na kila mtu, na Wilkinson hakushindwa. Kwa hiyo alama ile moja aliipoteza kwa Wilkinson, haiwezekani iwe kwingine. Langton naye hakuwa na namna: alipokutana na Wilkinson alikuwa nyuma yake. Yaani wale wawili waliofungana kileleni wote walikuwa wameshapigwa na wa tatu, macho ya watu 74,000 yakishuhudia. Halafu ikatangazwa kwamba wao ndio watapanda mbio ya ziada kuamua bingwa wa dunia, na aliyewapiga wote akae pembeni atazame.

Hapa mwandishi mwenye haraka anachukua kalamu na kuandika "dhuluma". Mimi nasema ngoja. Bonasi haikuzuka usiku ule. Ilikuwa kwenye kanuni, na waendeshaji wote walipanda katika mchujo wakijua kila alama inahesabiwa. Isitoshe ilikuwa na hoja yenye akili ndani yake. Fainali ya usiku mmoja ni kamari. Mnyororo unakatika, mtu anakuangukia mbele, unapangiwa nafasi mbaya ya kuanzia, msimu mzima umekwisha. Waandaaji walitaka bingwa awe mtu aliyefanya vizuri kwa muda, si aliyeamka vizuri siku moja. Mnaoandika ligi mnaijua hoja hii, ndiyo inayotufanya tuiamini ligi ya michezo thelathini kuliko kombe la mtoano.

Kosa lao kwa maoni yangu liko mahali pengine. Ukiamua bingwa apatikane kwa jumla ya msimu, sawa, mpe kombe aliyeongoza msimu. Ukiamua apatikane kwa fainali, sawa, wote waanze na sifuri. Wao walitaka vyote viwili. Walitaka tiketi za fainali ziuzwe kana kwamba kila kitu kinaamuliwa usiku huo, na papo hapo nusu ya jibu likawa limeshaandikwa katika viwanja vya mchujo. Chukueni 26 za Langton: 13 zake zilikuwa mfukoni kabla injini haijawashwa.

Haya, twende kwenye mbio ya ziada, maana huko ndiko kulikopikwa habari ambayo watu wanaipenda zaidi.

Langton na Van Praag wanasogea kwenye utepe. Langton ana pupa, anauvamia utepe kabla haujaruka, unakatika. Kwa kawaida ya mchezo ule, umekwisha, umeondolewa. Van Praag angeweza kusimama palepale na kupokea ubingwa wa dunia bila kuzungusha gurudumu. Alikataa. Alisema hautaki ubingwa wa namna hiyo, akasisitiza mbio zirudiwe. Zikarudiwa. Langton akatoka vizuri, akafika kona ya kwanza akiwa mbele, na akaongoza raundi ya kwanza, ya pili, ya tatu, na karibu yote ya nne. Kona ya mwisho kabisa ukafunguka upenyo mdogo, Van Praag akauchomekea pikipiki, na akavuka mstari akiwa mbele kwa kiasi kisichofika urefu wa gurudumu moja. Bingwa wa kwanza wa dunia wa spidiwei.

Mngeishia hapo mngekuwa na makala safi ya kiungwana. Lakini baadaye ukaanza mnong'ono. Ikadaiwa kwamba wale wawili walikuwa wamepatana kabla: atakayetangulia kuingia kona ya kwanza ndiye anayeachiwa ubingwa. Langton alitangulia. Kwa hiyo, kwa mujibu wa madai, Van Praag alivunja mapatano pale kona ya mwisho, na ikasemwa kwamba baada ya mbio alimpa Langton pauni 50, fedha ya kutuliza dhamiri.

Nyinyi mngefanya nini na habari kama hiyo? Msinijibu haraka. Mimi nimeigeuzageuza mara nyingi na kila upande inanisumbua. Kama kulikuwa na mapatano, basi kule kukataa ushindi wa bure kunapata sura nyingine: huenda haukuwa uungwana mtupu, huenda mtu alikuwa anatimiza makubaliano ili mbio ziwepo. Lakini mtu aliye tayari kuvunja mapatano ili awe bingwa, kwa nini aliukataa ubingwa uleule dakika chache kabla, alipopewa kihalali kabisa? Na pauni 50 zenyewe, kama zilitolewa, hazithibitishi njama. Mtu anaweza kumpa mwenzake fedha kwa kumwonea huruma aliyekosa ubingwa kwa urefu wa tairi. Tena tukumbuke ni watu wawili wanaoingia kona bega kwa bega bila breki. Kukubaliana nani aingie kwanza, hata kama kulikuwepo, kuna harufu ya upangaji matokeo, ndiyo, na kuna pia harufu ya watu wasiotaka kuzikwa.

Ninachowaomba ni kuangalia neno "ikadaiwa". Nimelitamka, na nyinyi liandikeni. Nimesoma simulizi za usiku ule ambamo pauni 50 zimekaa kwenye sentensi moja na alama 26, kana kwamba vitu hivyo viwili vina uzito mmoja. Alama 26 zilihesabiwa hadharani mbele ya uwanja uliojaa. Zile pauni 50 zimetufikia kwa mdomo. Na angalieni lililotokea: mnong'ono ulinoga mno hata ukaifunika habari kubwa zaidi, ile isiyohitaji shahidi wa siri hata mmoja. Watu wakabaki kubishana kama Van Praag alimdhulumu Langton. Aliyekuwa na haki ya kulalamika kuliko wote wawili alikuwa Wilkinson, na katika kisa cha pauni 50 hata hatajwi.

Wilkinson alirudi. Mwaka 1938, Wembley tena, bonasi zikiwa bado zipo, alichukua ubingwa akiwa na mfupa wa bega aliouvunja jana yake kwenye ajali ya mbio. Mwaka 1940 alifariki kwa ajali ya barabarani Sydney, akiwa juu ya pikipiki ya kawaida, yenye breki. Van Praag alikwenda vitani akiwa rubani wa jeshi la anga la Australia. Mwaka 1942 ndege yake iliangushwa baharini karibu na kisiwa cha Sumba, akakaa majini saa nyingi pamoja na mwenzake wakiwashikilia majeruhi wasizame, na akatunukiwa George Medal kwa ushujaa huo. Nalitaja hili si ili limsafishe na madai ya 1936. Ushujaa wa baharini hauthibitishi lolote kuhusu kona ya mwisho ya Wembley, na ningewasihi msiutumie hivyo katika makala zenu.

Vita vilifuta fainali ya 1939. Ubingwa uliporudi mwaka 1949 bonasi hazikurudi nao: fainali moja, usiku mmoja, wote wakianza na sifuri. Ikaendelea hivyo hadi 1994, isipokuwa mwaka 1987 fainali ilipochukua siku mbili. Mwaka 1995 wakaona kumbe usiku mmoja ni kamari, hoja ileile ya 1936, wakaanzisha mfululizo wa Grand Prix: mashindano kadhaa kwa msimu, kila moja likiitwa raundi, na ubingwa unapatikana kwa jumla ya msimu.

Utata haukuisha, umebadilisha nguo tu, na hapa nasema nguo kwa maana yake halisi. Septemba 2023, Bartosz Zmarzlik wa Poland alifika Vojens, Denmark, raundi moja kabla ya mwisho, akiongoza kwa alama 24. Akaondolewa kwenye raundi nzima kwa sababu katika mazoezi ya kufuzu alivaa vazi la mbio ambalo halikuwa lile lililoidhinishwa. Hakumgonga mtu, hakuongeza nguvu injini. Vazi. Pengo lake na Fredrik Lindgren wa Sweden likashuka hadi alama 6. Wiki mbili baadaye, Toruń, nyumbani Poland, akautwaa ubingwa hivyohivyo. Tujiulize tu habari ingeandikwaje kama angeukosa.

Na tangu 2020 kuna kanuni ambayo Wilkinson angeielewa bila kuelezwa. Katika kila raundi ya Grand Prix, alama za ubingwa kwa wanne wa juu zinatolewa kwa jinsi walivyomaliza mbio ya fainali ya usiku huo: 20, 18, 16, 14. Anayeshinda kila mchuano wa usiku halafu akaanguka kwenye fainali anaondoka na 14. Aliyefika fainali hiyohiyo kwa kuchechemea, akaponyoka mbele mara moja tu, anaondoka na 20. Imeandikwa, imesomwa, kila mtu amesaini.

Niishie hapo, sasa ni maswali, ila yule bwana wa nyuma aliyeinua mkono tangu kwenye bonasi ndiye atakayeanza.